Pambo la Siku Chache: Hina na Rangi za Miti katika Historia Yetu

Tunapoutaja utamaduni wa taifa, mara nyingi mawazo yetu huenda moja kwa moja kwenye ngoma, vinyago, mashairi na mavazi. Mambo hayo huonekana na kusikika mbali, nayo yameandikwa na wengi. Lakini yako mapambo mengine yasiyo na jukwaa wala makumbusho, kwa sababu hukaa mwilini kwa siku chache, kisha hutoweka. Hina iliyopakwa mikononi mwa bibi arusi ni pambo la namna hiyo. Wachimbaji wa mambo ya kale wakifukua ardhi watakuta vigae, shanga na mashoka. Hina ya mwanamke aliyeishi mahali hapo hawataiona. Kwa hiyo historia ya pambo hili sharti itafutwe katika maandishi machache, katika lugha, katika mimea yenyewe, na zaidi katika mikono ya wanawake wanaoendelea kulitumia.

Mwaka 1962 Mwalimu Julius Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alilieleza Bunge kwamba miongoni mwa maovu ya ukoloni ni kule kutufanya tuyadharau mambo yetu wenyewe. Maneno hayo yalieleweka upesi kuhusu ngoma. Kuhusu urembo wa wanawake hayakueleweka upesi vile, maana wengi waliuona urembo kuwa jambo la anasa lisilostahili kuchunguzwa. Katika insha hii tunakusudia kuonyesha kwamba pambo hili dogo limebeba habari kubwa: habari za biashara, za utumwa na uhuru, za watu kuhama na kupokewa, na siku hizi habari za afya ya wasichana wetu. Tutaanza na mahali ambapo wengi wasingetazamia kuanza, yaani Kashaulili, katika Mpanda, mkoani Katavi.

Kashaulili ni mojawapo ya kata za mji wa Mpanda. Mji huu hauko pwani, wala haukuwa kituo kikubwa cha misafara ya zamani. Ulikua kwa sababu ya madini na reli. Mgodi wa risasi ulipofunguliwa, ilijengwa reli ya kutoka Kaliua, yenye urefu wa kilomita 210 hivi, ambayo ilifika Mpanda mwaka 1950. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, lakini reli ilibaki, na watu walibaki. Wabende, Wakonongo na Wapimbwe, ambao ni wenyeji wa nchi hii, wakakaa pamoja na Wafipa kutoka kusini, Wanyamwezi na Wasukuma kutoka mashariki na kaskazini, Waha na Wamanyema kutoka upande wa ziwa, na wafanyabiashara waliotoka pwani. Wilaya ya Mpanda iliwekwa katika Mkoa wa Rukwa mkoa huo ulipoundwa katika miaka ya 1970. Na mwaka 2012 ulizaliwa Mkoa wa Katavi, Mpanda ikawa makao makuu yake.

Mji wa namna hii ni shule nzuri ya utamaduni. Mtu akikaribishwa kwenye harusi Kashaulili, jioni ile ya kuamkia siku yenyewe, ataona mwari ameketi juu ya mkeka, mikono imenyooshwa juu ya mto, miguu imewekwa juu ya kigoda, na wanawake wamemzunguka. Mmoja anachora kwa utaratibu, mwingine anampepea, mwingine anamlisha kwa mkono wake, maana mwari hawezi kushika kitu. Ukiwauliza wanawake hao kabila zao, hutapata jibu moja. Ukiwauliza dini zao, pengine hutapata jibu moja vilevile. Je, pambo hili ni la nani? Limefikaje hapa, kilomita nyingi kutoka baharini? Na je, lilikuta nini?

Tuanze na swali hilo la mwisho. Si kweli kwamba watu wa bara hawakujua kuutia mwili rangi mpaka walipofundishwa na watu wa pwani. Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki na ya Kati, udongo mweupe, udongo mwekundu, majivu na unga wa miti vilitumika kuupamba mwili wakati wa jando na unyago, wakati wa uzazi, na wakati wa matambiko. Zaidi ya hayo palikuwa na chale, yaani alama zilizochanjwa ngozini, ambazo zilidumu maisha yote. Yafaa tutofautishe mambo hayo mawili. Chale ilimwambia mgeni kwamba mtu huyu ni wa ukoo fulani au kabila fulani, na ilimwambia hivyo hadi kufa kwake. Rangi ilisema jambo la muda: leo huyu ni mwari, leo huyu ana furaha, leo huyu yumo katika daraja kati ya hali moja na nyingine. Jambo likipita, rangi nayo hupita. Hekima ya pambo la siku chache ndiyo hiyo.

Misitu ya miombo inayouzunguka mji wa Mpanda ina miti miwili inayohusika sana na habari hii. Wa kwanza ni mninga, ambao ukikatwa gome lake hutoa utomvu mwekundu kama damu. Wa pili ni jamaa yake, mkurungu. Wataalamu wa mimea huuita mkurungu Pterocarpus tinctorius, na neno hilo la pili la Kilatini lina maana ya kitu cha kutilia rangi. Jina hilo halikutolewa bure. Katika nchi za Kongo, Angola na Zambia, kiini chekundu cha miti ya jamii hiyo kilisagwa kikawa unga, kikachanganywa na mafuta, na kupakwa mwilini kuwa pambo na dawa ya ngozi. Hivyo watu wa ukanda huu walikuwa na elimu ya rangi za miti zamani kabla ya kuujua mmea wa hina. Inasikitisha kwamba siku hizi mkurungu unajulikana zaidi kwa wafanyabiashara wa magogo kuliko kwa wanafunzi. Ukataji wake ulizidi mno hata mwaka 2019 mataifa yalikubaliana kuuingiza katika orodha ya miti ambayo biashara yake ya nje sharti idhibitiwe. Mti ukitoweka, jina lake hubaki kwa muda kidogo tu katika vinywa vya wazee, kisha nalo hutoweka.

Sasa tuigeukie hina yenyewe. Mhina ni mti mdogo, au kichaka kikubwa, wenye majani madogo na maua yenye harufu nzuri. Hupenda joto na huvumilia ukame. Umetumiwa tangu kale sana katika Misri, Arabuni, Uajemi na Bara Hindi. Hata nywele na kucha za baadhi ya maiti za Wamisri wa kale zilizohifadhiwa zimeonekana kuwa zilitiwa rangi yake. Jina lake katika Kiswahili limetokana na Kiarabu, nalo ni ushahidi wa njia iliyopitia, yaani bahari na pepo za msimu. Katika Lamu, Mombasa, Pemba na Unguja hina ilikuwa imekwisha kuwa sehemu ya maisha muda mrefu kabla ya ukoloni wa Wazungu.

Maandishi mazuri ya zamani kuhusu jambo hili yametoka kwa mwanamke aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, Salme binti Said, ambaye baadaye aliitwa Emily Ruete. Katika kitabu cha kumbukumbu zake kilichotolewa Berlin mwaka 1886, alieleza jinsi wanawake wa jumba la baba yake, Sultani Said, walivyojitayarisha kwa sikukuu kwa kupakwa hina. Majani yalisagwa yakachanganywa na ndimu. Mikono na miguu ikapakwa na kufungwa. Na bibi akalala usiku kucha bila kujigeuza, ili hina isiharibike. Kwa muda wote huo alihudumiwa na wengine.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo na kufikiri. Mwanamke aliyefungwa hina hawezi kuchota maji, hawezi kutwanga, hawezi kumbeba mtoto. Basi nani alichota, nani alitwanga, nani alimpepea? Katika jumba la Sultani jibu ni wazi: ni watumwa. Mikono yenye hina ilikuwa mikono iliyopumzika, na mapumziko yalikuwa ya wachache. Pambo hili, pamoja na uzuri wake wote, lilitangaza nani ni bwana na nani si bwana. Tukiificha habari hiyo tutakuwa hatusemi historia bali tunasifu tu.

Lakini habari haikuishia hapo. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Wanawake waliokuwa wamekatazwa kujipamba kama mabibi wakajipamba. Kanga, buibui, manukato na hina vikawa mali ya kila mtu. Tatizo la nani atachota maji likatatuliwa kwa njia nyingine kabisa: kwa zamu. Leo tunakuhudumia wewe kwa kuwa ni siku yako. Kesho utanihudumia mimi, au utamhudumia binti yangu. Jioni ile ya Kashaulili tuliyoitaja, yule anayemlisha mwari si mtumishi wake. Ni shangazi yake, ni jirani yake, ni rafiki yake wa tangu shule ya msingi. Kazi ni ileile, lakini uhusiano umegeuka. Kwa maoni yetu, badiliko hilo ni kubwa kuliko badiliko lolote la maua na michoro, nalo lilifanywa na wanawake wenyewe bila ya amri ya serikali yoyote.

Hina iliingiaje bara? Ilifuata njia za misafara. Burton na Speke walipofika Kaze, karibu na Tabora ya leo, mwaka 1857, waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wamekwisha kujenga nyumba na kupanda bustani. Mwaka uliofuata walifika Ujiji. Kutoka Tabora njia nyingine zilielekea kusini-magharibi, zikapita nchi ya Wakonongo mpaka ziwani, ambako Wabelgiji walijenga kituo cha Karema mwaka 1879, na Mapadri Weupe wakakipokea mwaka 1885. Wakonongo, kama majirani zao Wanyamwezi, walikuwa wapagazi hodari waliofika pwani na kurudi. Mtu asafiriye miezi mingi harudi na mzigo wa kichwani peke yake. Hurudi na maneno, nguo, nyimbo na desturi. Katika miji ya Ujiji na Tabora, Wamanyema na watu wengine wa bara walichukua mengi katika mwenendo wa pwani, wakayafanya yao. Na reli ilipofika Mpanda mwaka 1950, njia ikafupika: gunia la hina likaweza kupakiwa garimoshini pamoja na chumvi na sukari.

Wako watakaosema kwamba, ikiwa ndivyo, basi hina si yetu, ni ya kigeni. Tunapenda kulijibu neno hilo kwa mfano ulio karibu na Kashaulili. Mwaka 1972 maelfu ya watu walikimbia mauaji nchini Burundi, na wengi wao wakapewa ardhi katika makazi ya Katumba, na baadaye Mishamo, katika wilaya ya Mpanda ya wakati huo, na wengine Ulyankulu kule Tabora. Walilima, wakazaa, wakasomesha watoto. Katika miaka iliyofuata baada ya 2007, zaidi ya watu 160,000 miongoni mwao walikubaliwa kuwa raia wa Tanzania, na mwaka 2014 wakaanza kupewa vyeti vyao. Hakuna anayeweza kusema leo kwamba mtoto aliyezaliwa Katumba, mwenye cheti cha uraia mkononi, ni mgeni kwa sababu babu yake alivuka mpaka. Mila nazo ndivyo zilivyo. Hupata uraia kwa kukaa, kwa kutumika, na kwa kubadilishwa na wale wanaozipokea. Hina imekaa kwetu kwa muda mrefu, kama muhogo na mahindi, ambayo asili yake ni Marekani, na hakuna anayeuita ugali chakula cha kigeni.

Mwalimu wa sayansi hatakosa kuuliza: majani ya kijani huachaje rangi nyekundu? Ndani ya jani la mhina mna dutu iitwayo lausoni. Jani likisagwa na kuchanganywa na kitu chenye ukali kama maji ya ndimu, dutu hiyo hutoka pole pole, na ikigusa ngozi hushikamana na keratini, ambayo ndiyo iliyofanya tabaka la juu la ngozi, kucha na nywele. Mwanzoni rangi huwa ya machungwa. Kwa muda wa siku moja au mbili, ikipata hewa, huiva ikawa ya kahawia au nyekundu iliyokolea. Viganja na nyayo hukolea zaidi kwa kuwa ngozi ya hapo ni nene. Mgongo wa mkono hukolea kidogo. Na kwa kuwa ngozi ya juu hupukutika na kujengwa upya kila wakati, rangi huondoka nayo kati ya juma moja na majuma matatu. Kwa hiyo hina haifutiki kwa sabuni wala kwa hasira. Ina saa yake yenyewe, nayo ni saa ya ngozi.

Wanawake wenye ujuzi hawakuhitaji kulijua neno keratini ili wajue mambo hayo. Elimu yao imo katika kuchagua na kutunza, nasi tunaiandika hapa kwa ufupi ili isipotee. Unga mzuri wa hina una rangi ya kijani, au kijani iliyochanganyika na kahawia, na unanuka kama majani makavu. Uliokaa mno juani hugeuka kahawia na nguvu yake hupungua. Ndiyo maana hufungwa vizuri na kuwekwa mahali pa giza pasipo joto. Unga huchekechwa kwa kitambaa chepesi, kisha hukandwa kwa maji ya ndimu au chai ya rangi, ukaachwa saa kadhaa mpaka uso wa rojo uanze kubadilika rangi. Wengine huongeza matone ya mafuta ya karafuu au ya mkaratusi, lakini kwa kiasi, maana yakizidi huwasha. Ngozi husafishwa na kukaushwa kabla ya kupakwa, isiwe na mafuta wala kidonda.

Hina ikishapakwa, subira ndiyo kazi kubwa. Ikianza kukauka, hupanguswa kwa pamba iliyochovywa katika maji ya ndimu yenye sukari, ili ishike isibanduke upesi. Huachwa saa sita au nane, na wengine hulala nayo. Haioshwi kwa maji. Hukwanguliwa, na mahali pake hupakwa mafuta ya nazi. Kwa siku nzima mtu hujiepusha na maji kadiri awezavyo. Baada ya hapo, anayetaka pambo lake lidumu hupaka mafuta kabla ya kuoga, wala hajisugui kwa nguvu. Zamani kiganja kizima kilifunikwa, pamoja na ncha za vidole na kingo za nyayo, au mistari ilichorwa kwa kijiti. Maua na matawi yanayochorwa leo kwa vifuko vyenye ncha yameletwa zaidi na mitindo ya Bara Hindi, Sudani na nchi za Ghuba. Nayo yanaendelea kubadilika katika mikono ya mafundi wetu.

Tumekwisha kusema mema ya hina. Sasa tuseme jambo linalotutia wasiwasi. Katika miaka ya karibuni wasichana wengi hawaitaki tena rangi nyekundu peke yake. Wanataka nyeusi, na wanaitaka upesi. Pambo jeusi huitwa piko. Piko inayouzwa siku hizi masokoni, kwa sehemu kubwa, haitoki kwenye mti wowote. Ni unga wa kutia nywele rangi, ambao kemikali yake inaitwa parafenilenidiamini, kwa kifupi PPD. Katika nchi za Umoja wa Ulaya kemikali hiyo huruhusiwa katika rangi za nywele kwa kipimo maalumu, wala hairuhusiwi kupakwa ngozini. Sisi tunaichora juu ya mikono ya watoto.

Tulimwona msichana mmoja aliyechorwa piko siku mbili kabla ya harusi ya dada yake. Siku ya kwanza alifurahi. Siku ya tatu mkono ulianza kumwasha, siku ya nne ukavimba, na palepale ulipopita mstari wa ua pakaota malengelenge. Baada ya mwezi piko ilikuwa imetoka, lakini ua lilibaki, sasa likiwa kovu. Pambo la siku chache likawa chale ambayo hakuiomba wala ukoo wake haukuitoa. Madhara hayaishii hapo. Mtu ambaye mwili wake umekwisha kuichukia kemikali hiyo huendelea kuichukia maisha yake yote. Akitia nywele zake rangi uzeeni, au akivaa nguo za rangi za aina fulani, anaweza kuumwa upya. Wazee walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Piko hii haina hata hicho kipande cha mti.

Kwa hiyo kila msichana na kila mzazi inafaa ajue namna ya kutambua. Hakuna hina halisi iliyo nyeusi. Kitu kinachoacha weusi ngozini kwa muda mfupi, hata kama pakiti yake imeandikwa hina, si hina. Kitu kisichonuka majani bali kinanuka dawa, kiachwe. Unga wa nywele unaochanganywa na maji ya dawa kutoka kwenye chupa ndogo ni wa nywele, usiwekwe ngozini. Wapo pia wanaochanganya hina halisi na mafuta ya taa au petroli ili ikolee. Hayo nayo huunguza ngozi na kudhuru pafu. Anayetaka kujaribu unga asioujua apake tone dogo ndani ya kiwiko, angoje siku kadhaa kabla ya kupaka pengine, maana mwili huchelewa kusema. Na kwa watoto wachanga, hata hina halisi isipakwe. Wako watoto waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali ambayo si nadra katika nchi zenye malaria, na hina ikipenya katika ngozi yao nyembamba inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu.

Je, hakuna rangi ya mti iliyo karibu na nyeusi? Iko. Watu wa msitu wa Amazoni, Marekani ya Kusini, hutumia maji ya tunda bichi la mti uitwao jagua, ambayo huacha rangi ya buluu iliyokaribia weusi kwa muda wa juma moja au mawili. Siku hizi huuzwa mbali na kwao, ingawa nayo imepata kuwawasha baadhi ya watu. Tunaitaja kwa sababu moja tu: inaonyesha kwamba kila bara lilitafuta rangi zake katika misitu yake. Sisi ambao misitu yetu ina mkurungu na mninga, ni vijana wangapi wa sekondari wameuona unga mwekundu wa kiini chake, au kumwuliza bibi ulikuwa na kazi gani?

Jambo la mwisho latutaka tutazame nje kidogo. Mwezi wa Desemba mwaka 2024, Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, liliitia hina, pamoja na desturi zake, katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa wanadamu. Ombi lilipelekwa na nchi 16 za Kiarabu, tangu Mauritania mpaka Omani, zikiwamo Misri, Sudani na Yemeni. Ni heshima inayostahili. Lakini katika orodha ya nchi hizo, Tanzania haimo, wala Kenya, wala Visiwa vya Komoro. Msomaji wa kesho akiifungua orodha hiyo huenda akadhani kwamba Unguja, Lamu na Mombasa hawakuijua hina, seuze Tabora na Mpanda. Hatusemi hivyo kwa kulalamika. Waarabu waliandika, sisi hatukuandika. Asiyeandika habari zake asishangae akikosekana katika habari za wenzake.

Ndiyo maana tunaiacha kazi hii mikononi mwa walimu na wanafunzi. Kila baada ya sikukuu au harusi, wasichana hurudi darasani wakiwa na hina mikononi, na katika shule nyingi kanuni haziruhusu pambo hilo. Kanuni za shule zina haja yake, nasi hatumfundishi mtu kuzivunja. Hata hivyo mwalimu mwenye busara anajua kwamba adhabu haiwezi kuiondoa rangi ambayo ngozi yenyewe haijaiachia. Mkono ule ni kitabu kilichofunguliwa juu ya dawati. Mwalimu wa kemia anaweza kuutumia kueleza jinsi rangi inavyoshikamana na keratini. Wa biolojia, jinsi ngozi inavyojijenga, kwa kupima kila asubuhi rangi imefifia kiasi gani katika kiganja na kiasi gani mgongoni mwa mkono. Wa jiografia, pepo za msimu na njia za misafara. Wa historia, habari ya watumwa na mabibi, na jinsi huduma ya kulazimishwa ilivyogeuka huduma ya zamu. Na kama rangi ile ni nyeusi, mwalimu aulize kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, kama mkono unawasha.

Wanafunzi nao wana kazi ambayo sisi watu wazima hatuwezi kuifanya kwa ukamilifu, maana wao ndio wanaoishi na mabibi zao. Chukueni daftari. Ulizeni miti ya rangi iliitwaje katika Kikonongo, Kipimbwe, Kibende, Kifipa na Kiha. Ulizeni nani alipakwa, lini, na nani aliruhusiwa kumpaka. Ulizeni ni nani mtu wa kwanza katika ukoo wenu kupakwa hina siku ya harusi yake, na unga ulinunuliwa wapi. Andikeni majibu kama mlivyoyasikia, bila kuyapamba.

Hina ya harusi itafifia kabla ya mwezi kwisha, na ndivyo inavyotakiwa. Lakini ujuzi wa kuichagua, kuikanda, kuipaka na kuitunza haukukusudiwa ufifie nayo. Huo ulipita kutoka mkono hadi mkono, kutoka pwani hadi Kashaulili, bila shule na bila kitabu. Sasa shule zipo na vitabu vipo. Ukipotea katika zamu yetu, hatutakuwa na mkoloni wa kumlaumu.